Nani Kamuua Mkwaju?

Ndugu msomaji, tuanze na msiba usio na kaburi. Marehemu alikuwa dereva wa lori, jina lake Mkwaju. Alizaliwa mwaka 1993, hewani, katika Radio Tanzania Dar es Salaam, ndani ya mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati. Mara mbili kwa wiki, jioni, nchi ilikuwa ikimsikia: anamwacha mkewe Tunu nyumbani, anashika usukani, na kila kituo lori linaposimama yeye ana mpenzi pale. Mwisho akaambukizwa virusi vya ukimwi, akaugua, akafa. Hakuna aliyechimba kaburi wala aliyetoa rambirambi. Lakini kaa na watu waliokuwa watu wazima miaka ile, hapa Kirumba au kule Pasiansi, halafu uliza habari za Mkwaju. Ubishi utakaozuka, we acha tu! Mmoja atasema alijitakia. Mwingine atasema alionewa. Wa tatu atauliza mbona wenye magari ya kifahari hawakuguswa, ila dereva wa lori tu.

Ubishi huo ndio mada yangu leo. Watu wazima na akili zao wanamgombania mtu ambaye hajawahi kuwepo! Hivi hatima ya mhusika ni mali ya nani? Ni ya mwandishi aliyemuumba, au ni ya sisi tuliomkaribisha majumbani mwetu? Jibu la haraka ninalijua: mwenye kalamu ndiye mwenye hadithi, amalize apendavyo. Mimi nasema historia ya huku kwetu kandokando ya ziwa haikubaliani sana na jibu hilo, na sisi tunaojifunza kuandika itatufaa kuijua.

Uongo njoo

Turudi nyuma, kabla ya redio na kabla ya karatasi. Fanani anaita: "Hadithi, hadithi!" Hadhira inaitikia: "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Hebu utazame vizuri mkataba huo. Hadhira imekubali kudanganywa, tena kwa hiari yake, ila imeweka sharti: utamu ukolee. Fanani akiboronga, watoto watasinzia, na bibi mwingine atadakia, "Siyo hivyo, mimi niliisikia hivi." Hapo hakuna kalamu. Kuna mdomo mmoja na masikio mengi, na masikio hayo yana kauli.

Katika Usukuma hadithi inayojulikana kuliko nyingi ni ile ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Zimwi limemeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akajifungua mtoto wa kiume, ndiye Masala Kulangwa. Mtoto alipokua akauliza, "Baba yangu yuko wapi?" Alipoambiwa, akaanza kutafuta. Akaua panzi, akamletea mama: je, huyu ndiye Shing'weng'we? Mama akasema siye. Akaua ndege, akaua mnyama, bado siye. Hatimaye akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wakatoka wakiwa hai, baba yake akiwamo.

Sisi tungeandika "Mwisho" hapo, tukapeleka muswada. Wasukuma hawakuishia hapo. Katika kulipasua lile tumbo, kisu kikamkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi hakushukuru kuokolewa. Alikasirika, akataka kumloga kijana. Masala hakumpuuza wala hakumwambia ana bahati ya kuwa hai. Alitafuta dawa, akamponya. Ndipo watu wakamfanya Masala kuwa mtawala wao, na mama yake naye akapewa heshima kubwa.

Sikio hilo limenisumbua kwa muda mrefu. Kwa nini liwepo? Mimi naliona ni jibu kwa msikilizaji fulani wa zamani, ambaye watu walipokuwa wakishangilia alinyoosha mkono na kuuliza: "Je, hakuna aliyeumia?" Hadithi ikapanuka ili imjibu.

Kusini kabisa mwa bara letu, kwa Wasotho, kuna hadithi inayofanana na hii kama pacha. Zimwi lao ni Kholumolumo, na kijana wao ni Senkatana. Naye amezaliwa na mwanamke aliyesalia, naye ameua zimwi na kuwatoa watu tumboni. Lakini watu wale wale aliowaokoa wanamwonea wivu, wanamfanyia njama, wanamuua. Mwanzo ni ule ule, zimwi ni lile lile, ila hatima ni mbili. Siwezi kusema Wasukuma ni wapole na Wasotho ni wakali. Huo utakuwa upuuzi. Ninachosema ni kwamba kila upande umejibu swali lile lile, yaani watu waliookolewa humfanyia nini mwokozi wao. Padri Donald Sybertz na Padri Joseph Healey, waliofanya kazi na watafiti wa mila za Kisukuma wa pale Bujora, katika kitabu chao cha mwaka 1996 walimsoma Masala Kulangwa kama mfano wa Kristo. Ukimsoma hivyo, mara ule mwisho wa Kisotho nao unasogea karibu kabisa na Bujora!

Mtu aliyekosa wa kumbishia

Sasa tuvuke maji twende Ukerewe. Huko mwaka 1896 alizaliwa Aniceti Kitereza, mtoto wa ukoo wa watawala wa kisiwa kile, aliyesomeshwa na mapadri hadi seminari ya Rubya. Kufikia mwaka 1945 alikuwa amemaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ni mume na mke wanaopendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke kuwa ni tasa, wazazi wake wanaona uchungu wanamchukua binti yao, na Myombekere analazimika kwenda ukweni kuomba radhi, kutoa pombe ya ndizi, na baadaye kutafuta mganga.

Watazame hao ndugu wa Myombekere: wanafanya kazi ya wasomaji. Wamekaa pembeni, wanaijua hatima ya ndoa ile kabla haijafika. "Oa mwingine! Huyu mwache!" Kitereza anawasikiliza, anawapa maneno yao yote, halafu anakataa kuwatii. Myombekere hamtupi Bugonoka. Mtoto wa kiume anazaliwa, kisha wa kike.

Na yeye mwenyewe mwandishi? Kitereza na mkewe Anna Katura waliwazika watoto wao wachanga, wasibakiwe na hata mmoja. Naye hakuoa mwingine. Kwa hiyo unaposoma Bugonoka anajifungua, unajua kwamba kalamu imetoa kitu ambacho nyumba iliyoishika haikupewa. Ingekuwa rahisi kuishia kwenye furaha hiyo. Lakini angalia majina aliyowapa watoto. Ntulanalwo ni kama kusema "ninaishi nacho siku zote", yaani kifo. Bulihwali ni kama kuuliza majonzi yataisha lini. Kitereza amewapa wahusika wake watoto, ila hakuwadanganya kwamba msiba umehama kijiji. Na wazazi wale hufa vilevile, uzeeni, kama wafavyo watu.

Kilichofuata ndicho kinachonitia huzuni. Wachapishaji waliona lugha ya Kikerewe ina wasomaji wachache mno. Miaka ikapita. Katika uzee wake, huku baridi yabisi ikimtesa, Kitereza alikaa akaitafsiri kazi yote kwa Kiswahili, kwa mkono wake. Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Aprili 1981 mzee akafariki, bila kukishika kitabu chake mkononi. Mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, naye mwana wa Ukerewe, akaitoa kwa Kiingereza, dunia ikazidi kuifahamu.

Hebu piga hesabu. Tangu 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Kwa miaka 35 hapakuwa na umma wa wasomaji wa kumwuliza mzee yule, "Mbona Ntulanalwo umempa jina zito namna hiyo?" Hakuna barua ya kulalamika, hakuna kijiwe cha kumsema. Sisi tunaogopa kubishiwa. Yeye alikufa kabla ya kuipata bahati hiyo.

Wasiokufa

Miaka ile ile ya 1970 na 1980, wakati muswada wa Kitereza ukisubiri, vijana wa mijini walikuwa na ubishi wa namna nyingine. Elvis Musiba alimleta mpelelezi Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, akampeleka hadi Kinshasa katika Kikosi cha Kisasi mwaka 1979. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Ukisoma majalada tu unaona jinsi waandishi hawa walivyokuwa wakicheza na roho za wasomaji: Tutarudi na Roho Zetu? kinauliza kitabu kimoja cha Mtobwa. Lazima Ufe Joram, kinaamuru kingine. Kijana anatoa pesa ya mfukoni ili ajue kama kweli safari hii jamaa anakwenda.

Nakala yangu ya kwanza ya Willy Gamba ilikuwa imepita mikono mingi hata kurasa za mwisho zikanyofoka. Nikawauliza watu watatu waliokisoma kitabu hicho kizima jinsi kilivyoisha. Wakanipa miisho mitatu tofauti! Jambo moja tu walikubaliana: Willy hafi. Walikuwa wamesahau adui ni nani na bomu lilikuwa wapi, lakini hilo hawakulisahau. Siyo siri, katika vitabu vya mfululizo hiyo ndiyo ahadi. Shujaa atateswa, atapigwa risasi, atasalitiwa na mrembo, lakini kesho utamkuta tena kwa muuza vitabu.

Anayeivunja ahadi hiyo huiona cha moto. Arthur Conan Doyle wa Uingereza alimchoka mpelelezi wake Sherlock Holmes, na Desemba 1893 akamtumbukiza katika maporomoko ya maji kule Uswisi. Wasomaji walikuja juu, na wengi wakaacha kulinunua jarida lililokuwa likichapa visa vyake. Mwaka 1901 Doyle akaanza kutoa kisa kipya cha Holmes, akidai ni cha kabla ya kifo. Mwaka 1903 akasalimu amri kabisa akamrudisha mtu wake akiwa hai, eti hakuanguka.

Wapo wanaocheka kisa hiki kama ushahidi kwamba wasomaji ni watoto wadogo. Mimi siwacheki. Miaka yote Doyle alikuwa amewafundisha kwamba kwa Holmes kila tukio lina sababu, hata majivu ya sigara. Halafu anamuua kwa sababu gani? Kwa sababu mwandishi amechoka. Hiyo si sababu iliyomo ndani ya hadithi. Wasomaji waligundua uhalifu, wakamshika mhalifu, kama walivyofundishwa.

Hukumu ya Mkwaju

Sasa turudi kwa marehemu wetu. Mkwaju alikuwa tofauti na Willy na Holmes: kifo chake kilipangwa tangu mwanzo. Twende na Wakati ilifuata njia iliyobuniwa na Miguel Sabido wa Mexico, ambamo wahusika hugawanywa makundi matatu. Wapo wema, ambao hutuzwa. Wapo wabaya, ambao huadhibiwa. Na wapo wale wa katikati, ambao hubadilika pole pole mbele ya msikilizaji. Tunu alikuwa wa katikati: alichoka, akaanza kujitegemea, akamwacha mume. Mkwaju alikuwa mbaya. Hata angepiga magoti vipi, jedwali lilikuwa limeshamwandikia.

Na tusiwe wepesi wa kubeza. Kwa miaka miwili ya mwanzo mchezo ule haukurushwa na kituo cha Dodoma, ili watafiti waweze kulinganisha sehemu zilizousikia na ile isiyousikia. Walikuta kwamba uliwasukuma watu kuzungumza juu ya ukimwi na kuchukua tahadhari. Sijui kama kuna riwaya yetu yoyote inayoweza kudai kuokoa maisha ya mtu. Mchezo ule unaweza.

Lakini mjomba wangu miaka ile alikuwa utingo wa lori, njia ya Mwanza na Shinyanga, na upande wake wa kesi nao usikilizwe. Anasema walikuwa wakishuka tu stendi, watoto wanaita, "Mkwaju huyooo!" Wanaume wa kazi yake wote wakawa Mkwaju, pamoja na yule aliyekuwa akilala chini ya tela lake peke yake na Biblia. "Yule hakufa," mjomba hunambia mpaka leo. "Yule walimuua. Kufa ni kitu kingine. Sisi tuliona watu wakifa."

Maneno ya mjomba yana uzito kwa sababu ya mahali tulipo. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya ziwa hili hili. Na mkoani kwetu Mwanza, kati ya 1991 na 1994, wakati Mkwaju anaanza safari zake hewani, kulifanyika utafiti uliopata sifa duniani. Katika baadhi ya jamii huduma za kutibu magonjwa ya zinaa ziliimarishwa kwenye zahanati za kawaida, na maambukizi mapya ya virusi vya ukimwi yakapungua kwa karibu asilimia 40 kuliko katika jamii nyingine. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995.

Weka hadithi hizo mbili kando kando. Redio inasema: Mkwaju amekufa kwa sababu ni mbaya. Zahanati inasema: mtu mwenye kidonda kisichotibiwa huambukizwa kwa urahisi zaidi, awe mbaya awe mwema, na dawa ingeweza kupunguza hatari. Ya kwanza ni hukumu. Ya pili ni sababu. Msikilizaji wa Kirumba aliyemzika dada yake, mke wa mtu, mtulivu, asiyewahi kupanda lori, alizijua zote mbili. Alipobisha juu ya Mkwaju hakuwa akimtetea mzinzi. Alikuwa akiuliza: kama hicho ni kifo cha wabaya, dada yangu je?

Hapo ndipo naona jibu la swali langu la mwanzo. Mtu anapogombania hatima ya mhusika, mara nyingi hadai harusi wala shangwe za mwisho. Anadai sababu anayoweza kwenda nayo nyumbani. Fanani wa Kisukuma aliitoa kwa sikio la bibi. Kitereza aliitoa kwa majina mawili. Doyle hakuwa nayo, akalazimika kulipa.

Kwetu sisi tunaochipukia

Kwenye kikundi chetu cha kusomeana, Pasiansi, dada mmoja alileta hadithi ya msichana mchuuzi wa dagaa wa Igombe. Tulimpenda msichana yule kwa kurasa kumi. Ukurasa wa kumi na moja, upepo ukavuma, mtumbwi ukapinduka, akafa maji. Kelele zikazuka! "Mbona unamuua?" Mwandishi akajibu kwamba ziwani watu hufa. Ni kweli, hufa. Lakini kijana mmoja, ambaye baba yake ni mvuvi, hakulalamikia kifo. Aliuliza tu: "Mtumbwi wa nani? Usiku ule nani alimruhusu apande, na mzigo ulikuwa magunia mangapi?"

Baada ya wiki mbili dada akarudi na muswada. Msichana bado anakufa. Ila sasa mtumbwi una mwenyewe, mwenyewe ana deni, deni lina tarehe, na magunia yamezidi. Boya la kujiokolea ni moja tu, amekalia mtoto wa mwenye mtumbwi. Aliposoma hadi mwisho hakuna aliyesema "mbona unamuua". Tulikaa kimya. Halafu yule kijana wa mvuvi akasema, "Huyo mwenye mtumbwi namjua," ingawa hakuna mtu wa namna hiyo popote, ametungwa.

Kwa hiyo, wenzangu, sisemi tupige kura juu ya nani afe na nani aoe. Msomaji akipewa kalamu naye atachoka kama Doyle. Wala sisemi tuache kuua. Fasihi isiyo na kifo huku kwetu itakuwa ya uongo usiokolea. Ninachoomba ni kidogo: kabla hujamzika mtu wako, jiulize kama umempa sababu au umempa hukumu. Na siku atakapokuja mtu kukukaba koo stendi ya daladala, anakudai roho ya mhusika wako, usikasirike wala usimkimbie. Mkaribishe, kaeni chini, mbishane mpaka giza liingie. Kuna mzee wa Ukerewe aliyemngoja mtu huyo miaka 35.